Barua ya Kwenda kwa Famau

Keti, Mize, mwandikie
kaka yako, umwambie,
salamu zimfikie
huko aliko vitani.

Yake ilikuja juzi,
makasi ya wachunguzi
yameitoboa wazi,
hata alipo sioni.

Nyumba tumeiezeka
kabla masika kufika,
haivuji, twakauka
hata pale ukumbini.

Saumu kajifungua
mwana wa kiume; pua
na masikio, twajua,
kaiba kwako, jamani!

Yule binti wa Mwatumu
asiulize kwa hamu:
tumeshakula karamu
kwao, kule Kibokoni.

Mchele wetu kibaba,
kwa kadi… Hilo la haba
acha. Andika twashiba,
naye ale kwa amani.

Taa twavika kaniki,
mji hautambuliki,
nami kulala sitaki:
meli zaja Kilindini.

Akiuliza babake,
andika: kofia yake
naifua, niiweke
pale pale kigingini.

Hapo koma. Si uwongo.
La kaburi na udongo
nitalifungia lango
hadi arudi nyumbani.

Hapo nilipokohoa
wacha wazi, bila doa;
Famau ataopoa
kilichobaki kooni.