Mfereji wa Paji

Fomu inauliza: alizaliwa lini?
Naandika: kabla ya reli.
Karani ananirudishia. Tarehe, mama. Tarehe.

Nyakeru wa Mukundi hakuwa na tarehe.
Alikuwa na kunde, viazi vikuu, njahi,
shamba la mteremko kule Dagoreti
na mti uliochongwa ncha, wa kuchimbia.
Misafara ilipopita aliiuzia nafaka kwa shanga,
akipima kwa kibuyu chake,
si chao.

Ng'ombe wa jirani walipokufa uwandani
aliletwa Nasieku, msichana wa Kimaasai,
vikapu vitatu vya njahi vikaenda.
Kwetu hatusemi alinunuliwa.
Husemwa, alikuja.
Nyakeru alimfundisha kupalilia, akamwoza mwanawe,
na usiku, bibi alisimulia,
alimsikia akiita mifugo kwa majina
akanyamaza, asimwamshe.

Kisha nzige. Kisha ndui.
Watoto wawili aliwabeba hadi kichakani
akarudi na ukanda wa mzigo, mtupu.
Siku ya tatu alipanda.
Mvua ilikuwa haijaja. Alipanda tu.

Ukanda ule ulimchimba mfereji kwenye paji;
kidole cha bibi, utotoni, kilizama humo.
Ndiyo hati pekee niijuayo.

Pale shambani leo wanaosha magari.
Maji ya sabuni yanashuka mteremko uleule.

Karani anagonga meza kwa kalamu.
Jina la marehemu?
Nyakeru.
Na lako?
Nyakeru.
Anainua macho, kana kwamba namfanyia mzaha.