Ukurasa wa 213

Nekoye ameniletea kitabu kutoka mjini,
kizito kama tofali,
na juu ya jalada yeye mwenyewe,
kidevu mkononi, anatazama mbali
kama mtu aliyekosa lifti.
"Babu, si huyu uliyekuwa ukimwendesha?"
Ni huyu. Mvi amezipaka rangi.

Nikakaa mlangoni hapa Kaptembwa,
miwani imefungwa uzi sikio moja,
nikaanzia nyuma, kwenye orodha ya majina,
kama msomaji wa matangazo ya vifo.
Herufi M. Mabalozi. Madaktari, mgomo wa.
Mahindi, uhaba wa. Makamishna. Malaria.
Makokha hayumo.
Nikashusha pumzi, sijui ya nafuu au ya nini.

Sura ya kumi na moja: kiwanda cha uzi, Kisumu.
Anaandika:
"Usiku ule sikulala. Nilijua kukicha
watu mia saba watakuwa hawana kazi,
na kalamu ya kuwaachisha iko mfukoni mwangu."

Mheshimiwa, ulilala.
Ulilala hatujafika Salgaa,
kichwa kwenye kioo cha Pijo, tai imelegea,
ukikoroma sawia na injini.
Mau Summit ukungu ulishuka hadi kwenye boneti,
nikaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha
nikiusaka mstari mweupe kwa jicho moja.
Londiani ukajigeuza, ukasema "mama,"
mara moja tu, ukaendelea.
Aliyekesha ni mimi.
Bahasha ilikuwa kiti cha mbele, haijatiwa gundi,
na mstari wa kwanza nilikwisha kuusoma.
Shemeji yangu Wamalabe alikuwa zamu ya usiku,
mashine namba tisa, pamba kwenye nyusi,
mtoto wake wa tatu ana wiki mbili.

Lakini sikuketi hapa kukufungulia kesi.
Kuna jambo hukuliandika.
Kericho, saa tisa na nusu, uliniambia simama.
Ulishuka bila koti, ukatapika kwenye majani ya chai,
ya mtu, yaliyopunguzwa vizuri,
nami nikakumulikia tochi,
nikakupa maji ya rejeta, maana ndiyo yaliyokuwepo.
Ukasukutua. Ukajifuta kwa tai.
Ukauliza, uso umeuelekeza gizani:
"Makokha, wewe ungefanyaje?"

Tangu nizaliwe sijaulizwa vile.
Si na wewe tena, si na chama,
si na wale wanaotuchovya kidole wino.
Nikamwona Wamalabe anafunga uzi uliokatika
kwa vidole viwili, kama anavyofanya, bila kutazama.
Nikaona na kibarua changu, na nyumba ya serikali,
na karo ya mama yake Nekoye.
Nikasema,
"Mimi ni dereva tu, Mheshimiwa."
Ulicheka, au ulikohoa.
Tukaingia garini.

Ahero mpunga ulianza kuonekana.
Saa tatu ulitia sahihi.
Wamalabe alirudi kwao na baiskeli na blanketi moja,
na kila Krismasi aliniletea kuku
kwa sababu nilikuwa mtu mkubwa, wa Nairobi.
Alikufa hajui.

Nimeirudia sura nzima.
Labda ulisahau. Labda mhariri alikata.
Labda ni haya ya matapishi.
Au ulinisitiri, Mheshimiwa,
na hilo nikilifikiria
natamani ungenitukana kurasa kumi.

Nekoye anauliza kama kitabu ni kizuri.
Namwambia kina makosa ya chapa.
"Wapi?" Mwalimu huyu, hakawii, ana kalamu nyekundu.
Nimeichukua. Pembeni mwa ukurasa wa 213,
kwa mwandiko wa kitabu cha safari za gari,
nimeandika: *Alilala.*
Chini yake: *Aliniuliza.*

Mstari wa tatu, kalamu imekaa juu ya karatasi
mpaka wino umefanya doa.