Uwazi wa Kidole Gumba

Harufu ilitangulia. Si ya kuungua, bado:
ya petroli mbichi, tamu kidogo,
kama tunda lililopitiliza siku.
Nikajiambia ni pikipiki iliyonipita.
Mtu hujiambia mengi akikalia kiti cha marehemu baba yake,
ameshika usukani wa mbao
uliolainishwa na viganja visivyokuwa vyake.

Kisha rangi ya boneti, ile nyekundu
aliyoichanganya mwenyewe kwenye kopo la samli,
ikaanza kuota malengelenge,
moja, mbili,
kama ngozi iliyomwagikiwa uji.

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani, saa tano asubuhi.
Zima swichi. Hendibreki. Toka.
Mtaa mzima ulikuwa na la kusema.
"Fungua boneti!" "Usifungue!"
"Litalipuka hilo!" Huyo alisema
huku akisogea karibu aone vizuri.
Shekalaghe, fundi baiskeli, akaja mbio na ndoo,
maji yake ya kutafutia pancha,
viraka viwili vikielea.
Nikamzuia kwa kiwiko. Petroli hupanda juu ya maji,
huogelea, huhamia kwa jirani.

Baba alinifunza karakana ya mkonge, Pongwe,
spana mkono huu, kikombe cha chai mkono ule:
"Moto wa injini ni mlevi uliyemfungia chumbani.
Ukimfungulia mlango wote, atatoka na panga.
Mpe uwazi wa kidole gumba,
umalizane naye papo hapo."

Mtungi ulikuwa chini ya kiti. Mshale kwenye wekundu.
Nikabinya. Ukakohoa mara moja,
kama mtu anayetaka kukopa, kisha akaona haya.
Sikumbuki niliapa kwa jina la nani.

Ni Mwajabu wa duka la vipuri aliyevuka barabara na wa kwake,
kanga kiunoni, miwani puani,
pini ameing'oa akiwa bado njiani.
Nikavuta waya wa boneti. Tak.
Inchi moja. Moshi ukatoka, mweusi, mzito, wa mpira,
na ndani nikaona kitu cha rangi ya chungwa
kikilamba kabureta bila haraka,
kama paka aliyepewa maziwa.
"Shina! Piga shina lake, si ncha!"
Mwajabu akapuliza.
Unga ukatujaa hadi kope.

Kimya. Halafu chuma, tik, tik, kikipoa.
Hatukufungua. Dakika kumi tulisimama,
maana moto hupenda kurudi
kuchukua ulichosahau.

Spana namba kumi. Ncha hasi ya betri kwanza.
Ndipo boneti juu, yote.
Kila kitu cheupe. Waya zimegandana kama tambi za jana.
Na pale, juu kidogo ya eksozi, mpira wa petroli,
umepasuka mahali pamoja,
urefu wa kucha.

Watu wakaanza kunipa pole, na bei.
Mmoja akasema uza chuma chakavu.
Mwingine alizitaka taa za mbele tu.
Gari hili baba alipewa na meneja aliyekimbia madeni,
badala ya mishahara ya miezi kumi na mmoja.
Mama hakulipenda hata siku moja:
viti viwili, watoto wanne.

Mwajabu akaniuliza mpira mpya ni bei gani siku hizi.
Sikumjibu. Nikafungua droo ya dashibodi,
nikatoa bahasha ya kaki, kingo zimekunjwa vizuri:
mpira wa petroli, mita moja,
klipu mbili,
risiti ya mwezi wa tatu.

Tulikuwa mwezi wa kumi na moja.

Akaisoma risiti. Akaitazama boneti.
Akavua miwani, akaifuta unga kwa pindo la kanga,
taratibu, kioo kimoja kimoja.
"Elfu sita na mia tano," akasema.
"Mtungi wangu ni elfu themanini."