Bonyeza Tabu

Nkwabi alistaafu Ijumaa, akapanda kivuko cha Kamanga
na begi moja na redio,
akatuachia kompyuta yenye makabrasha mia na kumi na manne
na neno la siri nyuma ya risiti ya mkaa.

Jumatatu nikakaa mbele ya kioo cheusi.
Hakina picha, hakina salamu, kishale tu kinapepesa
kinangoja amri.
Nikabonyeza Tabu
(ndivyo tunavyokiita kile kitufe hapa Mkuyuni,
na jina limekikaa)
majina yakamwagika kama dagaa kwenye turubai:

mz_a, mz_a2, mz_a2_kweli,
zamani, zamani_sana,
usifute,
usifute_nakuomba.

Nani anaomba? Anamwomba nani?

Nikampigia. Nyuma yake mbuzi wanalia.
"Mz_a ni kina cha ziwa, mwaka maji yalipoingia
hadi jikoni kwa mama Ng'wasi."
Na mz_a2?
"Ni hiyohiyo, ila mti wa kupimia ulikuwa umepinda."
Na mz_a2_kweli?
"Si nimeandika? Hiyo ndiyo kweli."

Kuuliza si ujinga, ila vocha huisha.
Siku tisa, kabrasha kwa kabrasha,
nikaweka ndani ya kila moja kijifaili chenye mstari mmoja,
nikaifundisha kompyuta kuusoma
na kuuweka kando ya jina, kwa rangi ya kijivu,
kabla mtu hajaingia:

mz_a2: usitumie, mti umepinda, Machi hadi Juni
zamani_sana: daftari za karatasi, zilizonusurika mchwa
usifute: picha za mti wa kupimia, mvuani, nyingi hazionekani

Likabaki lile la mwisho.
Ndani yake namba moja tu:
kina cha maji, alfajiri moja ya Agosti, saa kumi na moja na robo.
Nikamsomea.
Mbuzi wakaendelea kulia, yeye kimya.
"Hiyo," akasema, "andika tu si ya kazi."

Nikaandika: si ya kazi. Nkwabi anajua.

Leo Lufunga, mwezi wa kwanza ofisini,
kabonyeza Tabu, kidole kikashuka na orodha,
kikafika pale, kikasimama.
Hakuuliza.
Akapita polepole
kama apitaye mlangoni pa chumba
chenye mtu aliyelala.