Bitana

Koti ninaloshona hapa Kiusa lina bitana.
Mteja hataiona akishavaa, lakini anaijua:
nimemkunjulia kitambaa, amekishika kwa vidole viwili,
amelalamikia bei, tumevutana, amekubali.
Bitana huuzwa mchana.

Yenu, Godlisten, niliivaa miezi kumi na minne
bila kujua ninayo.

Siku ile mlima ulijifunika tangu alfajiri.
Nilivaa gauni nililojishonea
ili nionekane mtu wa kukopeshwa.
Milioni tatu, nikasema, cherehani ya umeme na ya kudarizi.
Ukanipa karatasi kumi na moja,
kidole chako kikitangulia kalamu yangu:
hapa, na hapa, na hapa mama,
tufanye haraka kidogo, mtandao unasumbua.
Ukurasa wa saba palikuwa na kisanduku,
na ndani yake tiki imeshakaa,
imetulia kama mwenye nyumba.

Zikaingia milioni mbili, laki saba na elfu arobaini.
Nikadhani ni ada. Nikadhani ni kodi.
Nikadhani pesa za benki nazo hurudi
kama pamba iliyokatwa kabla ya kulowekwa.
Nikalipa kila tarehe tano,
nikalipa riba hata ya zile ambazo sikuzishika.

Masika nikateleza kwenye ngazi za kanisa.
Mawenzi wakanifunga plasta, wiki sita,
na mkono wenyewe ni wa kulia.
Ndipo mtu akaniambia: si una bima?

Ulisoma kwa sauti ya matangazo ya msiba:
"Kinga dhidi ya kupoteza ajira.
Mwajiri wako nani, mama?"
Mimi.
"Una barua ya kuachishwa kazi?"

Usiku ule nilijaribu kuiandika, kwa mkono wa kushoto:
*Ndugu Ndeanasia, kwa masikitiko makubwa
kuanzia leo huna kazi.
Wako, Ndeanasia.*
Nikacheka mpaka ngozi ikaniwasha ndani ya plasta.
Halafu sikucheka tena.

Haikaeli, binti wa jirani,
aliyeishia mwaka wa pili wa uhasibu kwa kukosa ada,
aliusoma mkataba kama ninavyofumua mshono:
hakuvuta. Alitafuta kwanza fundo.
"Walijua huna mwajiri," akasema.
"Ukurasa wa kwanza wameandika wenyewe: fundi, amejiajiri.
Wa saba wakakuuzia mwavuli wenye tundu la ukubwa wako."

Tukaandika barua. Nakala kwa msuluhishi wa bima.
Safari ya kwanza, faili halionekani.
Safari ya pili, mhusika yuko likizo.
Ya tatu, meneja alinipa kalenda na mwavuli, mwavuli wa kweli,
wenye jina la benki pande zote.
Mwavuli niliuchukua, mvua ilikuwa inanyesha.
Barua sikuiondoa.

Mwezi wa saba simu ikalia mezani katikati ya pindo:
laki mbili na elfu sitini,
na riba yake, elfu sabini na moja na mia tatu.
Hakuna aliyesema samahani.
Nilimalizia pindo kwanza.

Na jana umekuja, Godlisten, mwenyewe,
na mita tatu za kitambaa cha kijivu. Unaoa Disemba.
Ulizungukazunguka, ukashika vifungo, ukavirudisha.
"Tulipangiwa, mama. Bima arobaini kwa mwezi, la sivyo..."
ukaikata sentensi kama uzi.

Nami hupangiwa. Kila Januari, sare za shule, usiku na mchana.
Sijamshonea mtoto mfuko wa tatu kisirisiri
nikamdai mama yake.
Lakini hilo sikulisema.
Nilipima bega lako. La kushoto limeshuka kidogo,
nikaliandika.

Kisha nikakunjua bitana juu ya meza, nikataja bei.
"Ni lazima?" ukauliza.
Si lazima, nikakujibu.
Nikaitoa futi shingoni, nikaikunja taratibu,
nikakusubiri useme.