Nafasi Moja Kabla ya Nyota

Daftari la Shee Famau lina jalada la gazeti,
gazeti la bei za nyanya za mwaka usiosomeka.
Nalilirithi pamoja na ufunguo, feni,
na kiti kinachoegemea kushoto.
Yeye akenda Doha. Mimi aliniaga kwa kichwa,
seva alizishika moja moja.

Ni chumba cha nyuma, Shimanzi, kampuni ya kupitisha mizigo.
Chumvi hula kila skrubu. Kiyoyozi hulia machozi ndani ya ndoo.
Ukurasa wa kwanza: namna ya kufunga printa ya ghorofa ya pili.
Ukurasa wa pili: hivyo hivyo, lakini kwa hasira,
kila mkwaju umelala kama mwiba wa samaki,
na chini yake: *kulia, si kushoto! nishakosea mara nne.*

Nami nikaanza kuokota.
Kipande cha Nyamvula wa hospitali,
alichonitumia saa tisa usiku bila salamu, mistari mitatu tu;
kipande nyuma ya risiti ya mahamri, Bondeni,
mafuta yamefuta herufi moja, ile ile niliyoihitaji;
kipande nilichokiota, nikaamka, nikakijaribu, kikakataa.
Cheti changu cha chuo sijui kiko wapi.
Hivi vyote najua vilipo.

Lakini kuna ukurasa mmoja una maneno haya peke yake:
*Nafasi moja kabla ya nyota.*
*Machi yote imekwenda.*
Miaka miwili nalidhani ni mambo ya falaki,
pengine alikuwa akiutafuta mwezi.
Mpaka siku nilipofuta faili kuukuu,
kidole gumba kikateleza, nafasi ikaingia,
na ile nyota, iliyopaswa kushika mkia wa jina moja,
ikasimama peke yake, ikashika kila kitu.
Kompyuta haikuuliza. Haikufunzwa adabu ya kuuliza.
Ankra zote za Aprili zikaondoka kimya
kama wageni walioona sahani hazitoshi.
Nikakaa sakafuni.
Kumbe Shee hakuandika amri pale. Aliandika tanzia.

Juzi, Ramadhani, tende bado iko shavuni,
umeme ukakatika mtaa mzima.
Kadzo, ana wiki tatu kazini, alishika tochi ya simu
akasoma kwa sauti ukurasa ambao mwenyewe aliutia vina,
ati asiusahau:

*Umeme ukikatika, usikimbie swichini,*
*Ngoja kumi za dakika, moto utoke chumbani,*
*Ghala kwanza kuamka, tovuti iwe mwishoni,*
*Ukigeuza, hakika, utalala na majini.*

"Kwa nini ghala kwanza?" akauliza.
Nikafungua mdomo. Nikaona sina kitu.
Miaka sita nimeifuata beti hii kama dua
ambayo mtu anaisoma na maana haijui.
Nikampigia Shee. Akacheka mpaka akakohoa:
"Hata mimi sijui, bibi. Siku ile iliwaka hivyo,
nikamshukuru Mungu, nikaandika."

Kadzo hakucheka.
Umeme uliporudi akageuza makusudi, tovuti kwanza,
akakaa kusoma kumbukumbu za makosa mstari kwa mstari,
daku ikapita, mimi nimesinzia kwenye kiti cha mshazari.
Alfajiri nikakuta penseli ukingoni mwa beti:
*Tovuti huamka ikimwita ghala mara moja tu.*
*Asipoitika, hununa, hairudii tena.*
*Si majini. Nimeifunza kuita mara kumi.*
Na tarehe. Shee hakuwahi kuweka tarehe. Wala mimi.

Nikaiazima ile penseli.
Nikafungua ukurasa wa Machi,
nikakaa nao kidogo, feni ikizunguka,
kisha chini ya mwandiko wa Shee nikaandika:
*Na Aprili. Chunga kidole gumba.*