Shangazi Kaja

Lile begi la mistari, buluu na nyekundu,
watu wanaliita shangazi kaja.
Nyumbani Soni tuliliita hivyo miaka yote
na hakuna shangazi aliyewahi kuja.
Siku ya tatu ya matanga, akaja.

Mrefu. Viatu vyekundu kwa vumbi la nchi nisiyoijua.
Alipofungua mdomo kunipa pole
niliuona mwanya wangu kwenye meno yake.
Nilidhani ule mwanya ni wangu peke yangu.

Chalinze, Morogoro, Gairo jioni.
Milima ilitufuata, ikachoka,
ikasimama nyuma kama watu wanaosindikiza mgeni.
Kuanzia hapo ardhi ilikuwa bapa na nyota zilikuwa chini mno.

Bahi maji yana chumvi.
Sabuni haitoi povu. Chai ukiionja
unajipapasa shavu kwanza, usije ukawa ni wewe.

Sechelela, mkubwa wao, alinifundisha mlenda:
"Usivute. Ukivuta unakufuata.
Zungusha mkono, kata, peleka."
Nikavuta. Uzi ukatoka bakulini mpaka kidevuni,
Yaledi akacheka hadi akapaliwa na ugali wa uwele,
shangazi akamtandika kofi la mgongo,
la kupaliwa au la kucheka, sikujua.

Walinipa ndoo yangu ya maji.
Wakaiandika kwa rangi ya kucha: NDAHANI.
Jina la baba, ambaye namjua
kwa picha moja ya pasipoti, iliyokatwa sikio.

Begi sikulifungua.
Nililisukuma chini ya kitanda, zipu nimeibana kwa pini.
Ndani mlikuwa na kanga ya mama.
Doti ni vipande viwili:
kimoja alikwenda nacho, kimoja nimekuja nacho.
Usiku nilichomeka pua penye upenyo wa zipu
nikavuta kidogo, kidogo tu,
nikiogopa kuimaliza:
iliki, mafuta ya mgando, jasho la shamba la chai.

Jumamosi moja natoka kuchota maji
nikaikuta inapepea kwenye kamba.
Imefuliwa. Tena kwa moyo wote,
kwa sabuni ya mche na maji yaleyale,
imekamuliwa, imekung'utwa, imenyooshwa pindo.

Sikumbuki nilisema nini.
Sechelela anasema nilimwita mama yake mwizi.
Ndoo ilimwagika, hilo nalikumbuka,
kwa sababu hakuna aliyegombeza,
na Bahi maji yakimwagika hugombezwa.

Shangazi alisimama na pini yangu kiganjani.
"Niliona imechafuka," akasema.
Halafu akakaa chini, palepale kwenye tope dogo nililolifanya,
akawa anaifungua ile pini na kuifunga,
anaifungua na kuifunga.

Hakuniomba radhi. Sijui kama wakubwa huomba.
Usiku alikuja na koroboi
na shati la kijani lililofungwa kwenye gazeti.
"La kaka yangu," akasema. "Baba yako.
Halijagusa maji tangu mwaka ule. Nusa."

Nikanusa.
Lilinuka gazeti.
Gazeti na nafitalini, basi.
Nikamtazama: alikuwa ameshikilia pumzi,
mwanya wake wazi, kama mtoto anayesubiri majibu ya mtihani.
"Naisikia," nikasema.
Akalikunja upesi, isije ikatoka.

Siku hizi begi linakwenda mashineni.
Sechelela hulitia mtama, hulibeba kichwani,
likirudi limejaa unga mpaka kwenye meno ya zipu.
Lilikwenda na kurudi, kwenda na kurudi,
tangu kiangazi mpaka mvua ya kwanza,
ndipo nikashtuka kwamba sijui nguo zangu zilihamia lini
kwenye ule msumari wa pili, pembeni ya kaptula za Yaledi.

Kanga najifunika.
Pindo lake limekakamaa kwa chumvi.
Alfajiri, baridi ya Julai ikipenya dirishani,
mtu huingia, huinyoosha mpaka miguuni pangu,
na mimi hujifanya nimelala.